Milimita na Nafasi ya Kwanza

Katika karakana ya sare za shule alikofanya kazi kwa miaka kumi na miwili, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Waliliacha tangu wiki yake ya kwanza, alipombebea msimamizi rundo la kola hamsini na kumwambia mbele za watu kwamba zimekatwa fupi kwa milimita tatu. Msimamizi alizipima mwenyewe, akakuta ni kweli, akanuna siku mbili nzima. Siku ya tatu akaanza kumwita Milimita, kwa kejeli. Kejeli haikudumu, maana kabla ya mwezi kwisha kila jora lililoingia karakanani lilipelekwa kwanza kwenye meza yake, na msimamizi huyohuyo ndiye aliyekuwa akilibeba. Jina ndilo lililobaki.

Kazi yake ilikuwa kukata. Kwa asiyejua, kukata ni kupitisha mkasi tu, na wapo waliomwambia hivyo wakaishia kutazamwa kwa jicho ambalo hawakulisahau. Alitandaza kitambaa tabaka sita, akakinyoosha kwa viganja mpaka kisiwe na kunyanzi hata moja, akaweka vielelezo vya karatasi ngumu, akachora kwa chaki, kisha akakata bila kusimama. Mshonaji akikosea hufumua na kuanza upya. Mkataji akikosea, kitambaa ndiyo kimekwenda. Ndiyo maana Milimita alikuwa na tabia ya kufikiri sana kabla ya jambo na kutolifikiria kabisa likishatendeka, tabia iliyowaudhi ndugu zake na kuwafurahisha wenye karakana.

Basi huyo Milimita, akiwa na miaka ishirini na tisa, alitia nia ya kuingia Chuo cha Upimaji Ardhi. Chuo hicho hakikupokea mtu aliyekwisha kutimiza miaka thelathini, na yeye angeitimiza mwakani. Mtihani ulikuwa mmoja tu kwa mwaka. Kwa hiyo aliyetaka kumfariji kwa maneno ya kujaribu tena safari nyingine alikuwa anapoteza pumzi yake, kwa sababu safari nyingine haikuwepo.

Wazo lenyewe halikumwangukia kutoka mbinguni. Miaka mitatu nyuma wapima ardhi walikuja karakanani kutafuta mtu wa kuwashonea mifuko ya turubai ya kufunikia vyombo vyao. Msimamizi alitaka kuwafukuza, kwamba hapa tunashona mashati na sketi, lakini Milimita alisema atawakatia na kuwashonea saa za mapumziko. Alipomaliza akawapelekea mwenyewe kazini kwao, kwenye uwanja mpana nyuma ya kiwanda cha matofali. Mpimaji mkuu, mwanamke mfupi mwenye kofia pana, alijaribisha mfuko mmoja, ukaingia sawasawa kama ngozi. Akafurahi, akamruhusu kuchungulia kwenye darubini iliyosimama juu ya miguu mitatu. Milimita aliona kigingi kilichokuwa mbali kiasi kwamba kwa macho matupu hakuwa amekijua kuwa kipo. Aliona hadi kichwa cha msumari uliopigiliwa juu yake. Kisha mpimaji akaelekeza chombo kwenye tangi la maji la kiwanda, akasoma namba mbili, akaandika hesabu ya mistari mitatu, akamtajia kimo cha tangi lile bila mtu yeyote kupanda ngazi.

Mtu mwingine angeshangaa akaenda zake. Milimita aliuliza swali moja: hapo mmekosea kwa kiasi gani? Mpimaji akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza, akamjibu kwamba pengine milimita nne, zikizidi sana tano. Siku hiyo Milimita alirudi karakanani amechelewa nusu saa, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na hakuomba radhi.

Tangu hapo akawa na ugonjwa. Alinunua vitabu vya hesabu vya sekondari, vile alivyoviacha akiwa na miaka kumi na saba, akavisoma upya kuanzia ukurasa wa kwanza. Alipoona ameviweza ndipo akatafuta mitihani ya zamani ya kuingilia chuo, maswali hamsini kwa saa mbili. Mtu wa mwisho kuingia mwaka uliotangulia alikuwa amepata arobaini na moja. Milimita alipojipima mara ya kwanza alipata ishirini na tatu. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akarudi kukata kaptura.

Aliyemsaidia kusoma hakuwa mwalimu. Alikuwa Mama Pasi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyepiga pasi sare zote za karakana ile, mwenye mabega mapana na ulimi usio na breki. Katika ujana wake Mama Pasi alifanya mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi mara tatu, akaanguka mara tatu, na alisimulia habari hizo kama wengine wanavyosimulia vita walivyopigana. Hesabu hakuijua. Lakini aliijua mitihani: saa inavyokimbia, wasimamizi wanavyopitapita na viatu vyao vya kelele, mkono unavyolowa jasho mpaka kalamu ikateleza. Kila mchana, wengine wakila na kupiga soga, alikaa upande wa pili wa meza ya kukatia akiwa ameshika saa ya ukutani aliyoitungua mwenyewe, na kitabu cha majibu mapajani. Muda ukiisha alinyang'anya karatasi hata kama neno limebaki nusu, akasahihisha kwa kalamu nyekundu. Namba ikifanana na ya kitabu, sawa. Isipofanana, kosa, na hakukuwa na rufaa.

Miezi miwili ikapita hivyo, na Milimita akapanda mpaka ishirini na nane, akakwama hapo. Maswali ya maneno matupu aliyapata. Ya milinganyo aliyapata. Lakini kila swali lenye umbo, kiwanja, paa, shimo, ukuta, alikosa, na ndiyo maswali ambayo mpima ardhi angetakiwa kuyapata akiwa usingizini. Makosa yenyewe hayakufanana. Mara jibu limezidi kwa nane, mara kwa arobaini na nne, mara kwa mia na ushee. Alirudia kanuni zote, akazikuta anazijua. Kwa mara ya kwanza akaanza kuogopa kwamba labda kichwa chake ndicho kimefika mwisho, na hofu ile ilimkaa kifuani siku nyingi bila yeye kumwambia mtu.

Ni Mama Pasi aliyechoka kwanza. Mchana mmoja alifunga kitabu cha majibu, akamwambia afanye swali moja kwa sauti, kwamba anataka kusikia hicho kichwa kinavyokwenda. Swali lilikuwa jepesi: kiwanja kina urefu wa mita arobaini na upana wa mita ishirini na tano, kinazungushiwa uzio, uzio utakuwa wa mita ngapi? Milimita akachora umbo lake zuri, maana mkono wake ulijua kuchora, akaanza kuandika vipimo pembeni huku akinong'ona. Arobaini na mbili. Ishirini na saba.

“Ngoja,” Mama Pasi alisema. “Hiyo mbili imetoka wapi?”

Milimita alitazama karatasi kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. “Ya mshono,” alisema, kabla hajajua anachosema.

Mama Pasi akaanza kucheka, akacheka mpaka akalazimika kushika ukingo wa meza. Katika kazi yao kila kipimo anachopewa mkataji huongezewa sentimita mbili kabla ya kuchora, ili mshonaji apate pa kupitisha uzi. Kwa miaka kumi na miwili Milimita hakuwa ameandika kamwe namba aliyotajiwa. Ukimwambia arobaini, mkono wake unaandika arobaini na mbili, na kichwa wala hakiulizwi. Mita, sentimita, mkono ulikuwa haujali. Palipokuwa na umbo, uliongeza mbili.

“Ardhi haishonwi, binti yangu,” Mama Pasi alisema akijifuta macho. “Iache ilivyo.”

Kujua ugonjwa ni kitu kimoja, kupona ni kingine. Mama Pasi akaweka sheria: kila mbili ya mshono itakayoonekana kwenye karatasi, Milimita atapiga pasi shati moja, na si shati jepesi, la mikono mirefu. Wiki ya kwanza alipiga pasi mashati kumi na tisa. Wiki ya pili saba. Wiki ya tatu hakupiga hata moja, na alama zake zikaruka hadi thelathini na saba. Ilikuwa hatua kubwa. Arobaini na moja ilikuwa bado haijafikiwa, na hapo ndipo fomu ya maombi ilipotoka.

Fomu ilikuwa karatasi moja, ngumu, yenye muhuri, kila mtu anapewa moja tu kwa mwaka. Inajazwa kwa wino. Ikikatwakatwa au kufutwa inatupwa. Ilikuwa na nafasi tatu za vyuo, ya kwanza, ya pili na ya tatu, na aliyeibuni alikusudia mwombaji ajione ana bahati tatu. Ukweli waliujua wote waliowahi kuomba. Chuo cha Upimaji kilikuwa na viti arobaini, na mwaka uliotangulia walioviwania walikuwa elfu mbili na ushee. Kwa wingi huo hakikuhangaika hata kufungua fomu ya mtu aliyekiandika nafasi ya pili. Upande mwingine kulikuwa na Chuo cha Mavazi, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka nyumbani kwake. Kwa mtu aliyekata sare miaka kumi na miwili, na msimamizi yuko tayari kumwandikia barua, mlango wa huko ulikuwa wazi nusu. Lakini nacho kilijaza viti vyake kwa waliokiweka mbele. Ukikiweka nyuma, kinanuna kama bibi harusi aliyechelewa kuposwa. Mlango ulikuwa mmoja, wa kuchagua.

Ushauri ukamwagika. Msimamizi alisema Mavazi, akasema mara mbili ili asikike. Wapigaji vifungo walisema Mavazi. Mjomba wake, kaka wa mama, alisema Mavazi kwa mchoro alioupanga kwenye karatasi. Huyu mjomba alikuwa karani, mtu aliyejaza fomu nyingi maishani mwake kuliko alizozisoma, na kila Jumapili alikuja na mpango mpya: Mavazi ya kwanza, Upimaji ya pili, ya tatu Ualimu, huwezi kukosa vyote. Hakuna aliyemuuliza huyo mjomba alijuaje, na yeye hakutaka kuulizwa.

Aliyekaa kimya alikuwa mama.

Mama yake Milimita naye alikuwa fundi. Ndiye aliyemfundisha kukata, akiwa na miaka tisa, kwanza kwenye magazeti, ndipo kwenye kitambaa. Alikuwa na mkono ambao wanawake wa mtaa mzima waliusifu. Kisha mkono huo ukaanza kutetemeka, kidogo kwanza, halafu wakati wote, na madaktari wakampa jina la ugonjwa na vidonge vya kuupunguza. Kushona bado aliweza, kwa sababu kwenye cherehani kitambaa hushikwa kwa viganja viwili vilivyokandamizwa mezani. Kukata hakuweza tena. Mwaka huohuo ndipo Milimita alipoacha shule akaingia karakanani. Kila Jumamosi alikaa na mama yake chumba cha mbele, akakata nguo zote za wateja wa wiki, na mama akazishona kuanzia Jumapili hadi Ijumaa. Bila Jumamosi ile, cherehani ya mama ilikuwa meza tu.

Na Chuo cha Upimaji kilikuwa mji mwingine, safari ya siku nzima, kwa miaka miwili.

Jumapili ya mwisho kabla ya fomu kurudishwa walikaa watatu chumba cha mbele. Mjomba alikuja na kalamu yake mwenyewe, nzuri, akaiweka juu ya fomu kana kwamba kazi imekwisha. Akaeleza tena mpango wake wa Mavazi, Upimaji, Ualimu. Milimita alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, maana ni mjomba, kisha akamuuliza kwa adabu kama amewahi kumwona mtu mmoja aliyechukuliwa na chuo alichokiweka wa pili. Mjomba akafikiri kwa uaminifu, akakiri kwamba kuona hajaona, ila lazima wapo.

Milimita akamgeukia mama yake. “Mama, hujasema neno.”

“Mimi niseme nini?” Mama alikuwa ameificha mikono yake chini ya kanga mapajani, kama alivyofanya mbele ya wageni. “Mavazi ni hapahapa. Mkono wako umeshaijua kazi. Na mimi niko hapahapa.”

Maneno yalikuwa machache na yalimchoma Milimita kuliko mipango yote ya mjomba. Alimpenda mama yake kupita kiasi. Alijua kabisa kile anachokiomba bila kukiomba, na alijua kwamba ni haki yake kukiomba. Akakaa muda akitazama zile nafasi tatu tupu. Aliwaza habari za Chuo cha Mavazi, miaka miwili ya kufundishwa kitu ambacho angeweza kukifundisha, na baada ya hapo meza ileile yenye kitambaa kizuri zaidi. Aliwaza arobaini na moja, na thelathini na saba yake. Kisha akashika kalamu ya mjomba, akaandika katika nafasi ya kwanza Chuo cha Upimaji Ardhi kwa herufi zilizonyooka. Kwenye nafasi ya pili akapiga mstari. Kwenye ya tatu akapiga mstari.

Mjomba alishika tama. Alitaka kujua kwa nini basi asiweke hata Mavazi ya pili, wino haulipiwi. Milimita alimjibu kwamba chuo cha pili hakisomi, na yeye hawezi kuandika kipimo anachojua ni cha uongo. Mama aliinuka akaenda jikoni, na vyombo vikasikika vikioshwa, ingawa vilikuwa vimeshaoshwa.

Ikabaki miezi miwili. Milimita akafunga kibwebwe. Alisoma mchana na Mama Pasi, akasoma jioni nyumbani mara tu akirudi kazini, kwenye kona ya meza ya chumba cha mbele. Na hapo ndipo mama akaanza kumwita. Njoo unitungie uzi, macho yamechoka. Njoo unishikie upande huu. Njoo uone huu mkunjo umekaa sawa? Kila alipozama kwenye hesabu ndefu, aliitwa. Jioni moja aliitwa kutunga uzi, akainama kwenye cherehani, akakuta sindano tayari ina uzi. Mama alikuwa anatazama dirishani. Milimita aliuchomoa uzi ule, akautunga tena, akarudi mezani, akaanza hesabu yake mwanzo. Hakumsema mama kwa lolote. Kesho yake alimwambia msimamizi kwamba atakuwa anabaki karakanani saa moja zaidi baada ya kazi, apende asipende, naye msimamizi akamwachia ufunguo. Mama Pasi, ambaye hakuombwa, alibaki naye.

Alama zikasogea. Thelathini na tisa. Thelathini na nane, siku aliyokuwa na mafua. Arobaini. Arobaini na mbili, halafu arobaini tena. Mama Pasi alisema tatizo lililobaki ni moja: akikuta swali linalomshinda analing'ang'ania mpaka dakika kumi zimeyeyuka. Akamuuliza, ukikuta jora lina kitambaa chenye doa katikati, unafanyaje? Milimita akasema anahamisha kielelezo, anakata pembeni, anaendelea, doa atarudi kulishughulikia kipande kikibaki. Mama Pasi akamwambia basi na huko akafanye hivyohivyo.

Siku ya mtihani ukumbi ulijaa watoto wa juzi. Miaka kumi na saba, kumi na minane, vitambulisho vikining'inia shingoni. Binti mmoja alimfuata Milimita mlangoni, akamsalimia kwa heshima zote, akamuuliza mabegi yanawekwa wapi, akidhani ni mmoja wa wasimamizi. Milimita akamwonyesha pembe ya ukumbi, kisha akaenda kuliweka la kwake palepale. Yule binti alipomwona anakaa kwenye dawati la mbele yake na kuchongoa penseli, alibaki mdomo wazi.

Maswali thelathini ya kwanza yalimwendea vizuri. Kila umbo alilolichora alipitisha kidole juu yake, akanong'ona namba iliyoandikwa, hiyohiyo, bila nyongeza. Swali la thelathini na moja lilimshika. Lilikuwa la mlima na pembe mbili zilizopimwa kutoka sehemu mbili, na kila alipojaribu alijikuta amezunguka na kurudi alipoanzia. Mkono ukalowa jasho. Kijana wa kulia kwake aliweka kichwa juu ya dawati na hakukiinua tena. Milimita alitazama saa, akaona dakika sita zimekwenda. Akaweka penseli chini, akajifuta kiganja kwenye sketi, akaliruka. Alimaliza yaliyobaki zikiwa zimesalia dakika tisa, akalirudia, na safari hii akaliona: alikuwa anatafuta umbali kabla ya kimo, na alitakiwa kutafuta kimo kwanza. Aliandika jibu huku msimamizi mwenye viatu vya kelele akitangaza kalamu chini.

Akasubiri wiki sita. Kwa watu wengine kusubiri ni kukaa, kwake ilikuwa kukata, na alikata sare za shule nne nzima. Aliyemuuliza habari alijibiwa kwamba kitambaa kimeshakatwa, na maongezi yakaishia hapo.

Ujumbe uliingia kwenye simu Jumamosi asubuhi. Alikuwa chumba cha mbele, amekata suruali mbili za mteja na anaanza ya tatu, mama yuko kwenye cherehani anapitisha mshono mrefu. Simu ilitetemeka chini ya kitambaa. Milimita alikata mpaka mwisho wa mstari, akaweka mkasi chini, akasoma. Akasoma tena. Kisha akausoma kwa sauti: amechaguliwa kujiunga na Chuo cha Upimaji Ardhi, nafasi ya thelathini na sita kati ya arobaini.

Mguu wa mama ulisimama kwenye kanyagio. Alimshukuru Mungu, akainuka, akamkumbatia mwanawe, akamwambia hongera, na sauti yake ilikuwa ya kweli. Akarudi kwenye kiti chake. Lakini hakukanyaga. Alikaa ameitazama mikono yake, ambayo leo hakuificha, ikitetemeka juu ya kitambaa.

“Nilikuwa naomba ukose,” alisema. “Si kila siku. Lakini niliomba.”

“Najua, mama.”

“Unajua?”

“Najua. Niliogopa utaomba kwa bidii kuliko ninavyosoma. Ndiyo maana nikaongeza saa.”

Mama alicheka, halafu kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa mguu wa suruali ya mtu. Milimita naye alikuwa analia, amesimama palepale, chaki mkononi. Aliona uchungu na alikuwa na furaha, vyote viwili kwa pamoja, na hakutaka kuficha hata kimoja. Mama akauliza ataondoka lini. Akamwambia baada ya wiki tatu.

Mama akainuka, akazunguka meza, akanyoosha mkono.

“Nipe huo mkasi.”

“Mama, mkono wako...”

“Mkono ni wangu, naujua. Nipe. Nina wiki tatu za kujifunza, na mwalimu mwenyewe anaondoka.”

Milimita akampa. Akamtandikia shuka kuukuu, akamchorea mstari mmoja ulionyooka kwa chaki, akasogea pembeni. Mama aliegemeza kiwiko mezani, akashika kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaanza kukata. Mkasi ulitoka kwenye chaki mapema, ukaenda kushoto, ukarudi, ukatoka tena, karibu vidole viwili nje. Milimita, ambaye hakuwahi kuona mstari uliopinda akanyamaza, alifunga mikono yake nyuma ya mgongo akanyamaza. Mama alifika mwisho, akaitazama kazi yake, akauma mdomo.

“Nichoree mwingine,” alisema.